Povu

Mara ya kwanza Bobi kuanguka, nilikuwa barazani kwa bibi, Moa, nikinakili mahojiano ya siku ile. Nilikuwa nimetoka kwa mzee mmoja aliyenisimulia aliyoyasikia kwa baba yake kuhusu Rubens, meli ya Kijerumani iliyopenya kizuizi cha Waingereza ikijifanya ya Kidenmark, ikaishia kupigwa mizinga katika Ghuba ya Manza tarehe 14 Aprili 1915. Hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yangu ya uzamili: meli, shehena iliyoopolewa na wapiga mbizi, risasi zilizoanikwa juani zikauke. Nikasikia ndoo ya bati inagongwagongwa uani. Nikadhani ni kuku.

Alikuwa Bobi. Amelala ubavu, shingo imekakamaa, miguu yote minne inapiga kasia hewani kama anaogelea. Meno yanagongana. Mkojo umemtoka. Na mdomoni povu jeupe, zito, likichuruzika mpaka mchangani. Huenda ilichukua dakika moja na nusu. Mimi ningeapa ni nusu saa. Nilipopiga hatua kumwendea, bibi alipaza sauti kutoka jikoni: "Usimguse! Mjukuu wangu, usiguse hilo povu!"

Nimeirudia kauli hiyo kichwani mara nyingi, kwa sababu ndani yake mlikuwa na hofu zaidi ya moja, na kwa muda mrefu sikujua kuzitenganisha.

Bobi alikuwa mbwa wa shamba. Babu alimpata akiwa mdogo, akamfuga kule kwenye minazi na mahindi awafukuze nyani na nguruwe, na huko ndiko alikolala. Babu alipofariki, mbwa akaja mwenyewe nyumbani, akajilaza chini ya mwembe, hakuondoka tena. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Chakula chake kilitiwa kwenye sufuria iliyovunjika mkono, na sufuria hiyo haikukaribia jikoni. Mlangoni hakupita. Yeye mwenyewe alijua mpaka wake ulipo, pale vivuli vya makuti vinapoishia.

Jioni ileile habari ikaenea. Wanaume wanne walikuja, mmoja na panga, na sikuweza kuwalaumu. Mbwa anayetoa povu, kwa mtu wa kijijini, ni mbwa mwenye kichaa, na kichaa cha mbwa hakina mzaha. Ni ugonjwa unaosafiri kwenye mate. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya baada ya kuumwa ipo tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga mtoto Joseph Meister kule Paris, lakini kuwepo kwa dawa na kufika kwake kijijini ni mambo mawili. Watafiti waliohesabu majeruhi wa kuumwa na mbwa nchini walikadiria, katika makala iliyochapishwa mwaka 2002, kwamba Tanzania hupoteza karibu watu 1,500 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, ilhali taarifa rasmi zilikuwa zikiandika vifo kumi na kitu tu. Wengi hufia nyumbani, bila kuandikwa popote. Ng'ambo ya maji kutoka hapa, Pemba, walichanja mbwa mpaka ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukaingia tena, wakaanza upya, wakaufuta tena. Kwa hiyo yule mwenye panga alikuwa na elimu yake, na ilikuwa elimu sahihi.

Aliyeokoa maisha ya Bobi ni mjomba. Alisema afungwe siku kumi. Si jambo alilolibuni: ndiyo kanuni inayotumika hata hospitalini mtu akiumwa na mbwa anayejulikana. Mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi vya kichaa hamalizi siku kumi akiwa mzima. "Akifa, mtazika," mjomba aliwaambia. "Akiishi, mtajua hakuwa na kitu." Wakamfunga kwa kamba ya mkonge kwenye mwembe, na mimi nikapewa kazi ya kusukuma maji na chakula kwa fimbo ndefu.

Siku ya sita akaanguka tena. Safari hii nilitazama bila kukimbia, na nikaona kilichonipita mara ya kwanza: kabla ya kuanguka alitangatanga, akanitafuta kwa macho, akalamba hewa. Baada ya kuanguka alisimama kama kipofu, akajigonga kwenye shina, akazunguka kamba ikaisha, kisha akala kama mbwa aliyeshinda njaa wiki nzima. Baada ya saa moja alikuwa Bobi yuleyule. Kichaa cha mbwa hakirudi nyuma hivyo. Siku ya kumi ilipita akiwa hai, akibweka kuku. Afisa mifugo aliyekuja na pikipiki alimpima, akauliza umri, akauliza mara ngapi, akauliza kama amewahi kugongwa kichwani au kula sumu ya panya. Kisha akasema, bila kishindo chochote, "Huyu ana kifafa. Kama mtu."

Bibi alikaa kimya. Halafu akauliza, "Mbwa naye ana shetani?"

Wapo waliouliza swali hilo mapema zaidi, kwa namna yao. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippokrate wa Ugiriki, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, kuna kitabu kizima juu ya ugonjwa ambao Wagiriki waliuita mtakatifu, kwa kuamini kwamba miungu ndiyo inayomwangusha mtu. Mwandishi wake hakukubaliana nao. Hoja yake moja ilitoka zizini. Alisema mbuzi nao huugua ugonjwa huu, tena sana. Na ukipasua kichwa cha mbuzi aliyeugua utaukuta ubongo umeloa maji na unanuka. Basi ukiona hivyo, alisema, utajua si mungu anayeuharibu mwili bali ni maradhi. Elimu yake ya ubongo ilikuwa na makosa mengi, lakini hatua ile ya kumtazama mnyama ili kumwondolea binadamu tuhuma naiona kubwa. Mbuzi hana dhambi za kuadhibiwa. Hana jirani aliyemwonea wivu. Hakuvunja mwiko wa ukoo wala hakupita chini ya mbuyu usiku.

Nilimsimulia bibi habari ya mbuzi. Akacheka. "Hao Wagiriki wako hawajui. Mbuzi ndiye mwenye mashetani kuliko wote."

Swahili yenyewe imebeba hofu ndani ya jina. Kifafa: wengi husikia humo neno kufa, kufa kidogokidogo, kufa na kurudi. Na mtoto akitetemeka kwa homa, pwani yetu tunasema degedege, jina la mdudu arukaye usiku anayesemekana kumpitia mtoto juu. Watafiti walioandika kuhusu malaria katika pwani ya Tanzania wamekuta kina mama wakiwapeleka watoto wa degedege kwa mganga kwanza, wakafukizwe, kwa imani kwamba sindano itawaua. Sikuhitaji kusoma hilo kokote. Mimi mwenyewe nilifukizwa nikiwa na miaka mitatu, na kovu la moto wa chetezo ninalo mguuni.

Lakini hofu ninayotaka kuikalia hapa ni ya mate.

Mwaka 1959 daktari kijana kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika Tanganyika, na katika milima ya Mahenge, kwa Wapogoro, alikuta kifafa kwa wingi ambao hakuwahi kuuona. Alifungua kliniki huko, na mwaka 1965 akachapisha utafiti wake. Pamoja na wagonjwa wa kuanguka, alieleza watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kana kwamba wanasinzia, jambo ambalo dunia ililigeukia miongo kadhaa baadaye lilipoonekana Uganda na Sudan Kusini. Mwaka 1992 madaktari wengine walichapisha hesabu ya wilaya ileile ya Ulanga: katika vijiji 11 vyenye watu 18,183, wagonjwa 185 walikuwa na kifafa kinachoendelea, yaani kama watu kumi katika kila elfu. Sasa watafiti wanakihusisha sehemu ya mzigo huo na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi wa mito iendayo kasi.

Kilichonishika katika maelezo ya Jilek-Aall si takwimu. Ni sahani. Mwenye kifafa alikula peke yake, kwa chombo chake. Alilala kando. Watu waliamini ugonjwa unaambukiza kwa mate na kwa yale yamtokayo anapoanguka, kwa hiyo mtu akiangukia motoni, aliyesimama karibu aliogopa kumvuta. Ndiyo maana wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto. Kifafa hakikuwachoma. Waliungua kwa sababu hakuna mkono uliowafikia kwa wakati.

Sitaki msomaji afikiri hili ni la Mahenge tu, au la Waafrika tu. Karibu mwaka 158, katika mji wa Sabratha ambao leo uko Libya, mwandishi Apuleius alishtakiwa kwa uchawi, na moja ya tuhuma ilikuwa kwamba alimroga kijana mtumwa akaanguka chini. Alijitetea kwamba kijana huyo, Thallus, ana kifafa, na anahitaji tabibu na si mchawi. Kisha akaeleza jinsi anavyoishi: watumwa wenzake wanamtemea mate wakimwona, hakuna anayethubutu kula naye sahani moja wala kunywa naye kikombe kimoja, na amepelekwa mbali shambani asije akaiambukiza nyumba. Nilipoisoma habari hiyo niliinua macho nikaitazama sufuria iliyovunjika mkono chini ya mwembe.

Hapo lazima nitenganishe, kwa sababu ya bibi. Sufuria ya Bobi haikutengwa kwa kifafa. Ilitengwa kabla. Watu wa pwani hii ni Washafii, na si tangu jana: Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta tayari wanafuata madhehebu hayo. Kwa Imamu Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito; chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa Imamu Malik mbwa si najisi, na Waislamu wa Moroko wanaishi hivyo. Tena Washafii wenyewe wanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na kikavu kikigusana na kikavu hakuna kinachohama. Bibi alijua yote hayo kuliko mimi. Kwake haikuwa chuki. Yeye ndiye aliyenikumbusha mbwa wa watu wa pangoni, aliyetajwa ndani ya Qurani akiwa amenyoosha miguu kizingitini, na mtu aliyesamehewa kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Najisi, alisema, ni habari ya maji na sala. Si habari ya huruma.

Na yeye ndiye aliyenisimulia hadithi ya mwanamke mweusi aliyekuja kwa Mtume akalalamika kwamba anaanguka, na akianguka nguo humfunuka. Mtume akampa hiari: avumilie apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kuvumilia, ila akaomba aombewe asifunuke. Nilikuwa nimesoma makala nyingi za unyanyapaa wa kifafa, na hakuna iliyosema jambo hilo kwa ufupi namna ile: kuanguka anaweza kukubeba, kinachomwelemea ni kuonekana.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza. Afisa mifugo alisema kifafa cha mbwa hutibiwa kwa fenobabitoni, kidonge kilekile cha binadamu, asubuhi na jioni, kila baada ya saa kumi na mbili, maisha yote. Bobi alikuwa na kilo kumi na tano. Kidonge kimoja cha miligramu 30 kila mara. Kuhesabu kwetu saa kwa Kiswahili kulinisaidia: saa kumi na mbili na saa kumi na mbili, jua likichomoza na likizama. Nilikificha kidonge ndani ya tonge la ugali lenye dagaa. Wiki mbili za mwanzo aliyumba kama mlevi, alikunywa maji ndoo nzima, alikojoa kila mahali, alitaka kula mpaka ndala. Kisha akatulia. Mwezi mzima ukapita hajaanguka. Wa pili akaanguka mara moja.

Kidonge hicho kina historia ya ajabu, na sehemu yake inapita karibu na kwetu. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, madaktari wa Berlin, waliwafungua mbwa mafuvu, nyumbani kwa Hitzig maana chuo hakikuwa na nafasi, wakaugusa ubongo kwa umeme. Mguu wa upande wa pili ukaruka. Wakizidisha umeme, mbwa akaanguka kifafa. Mengi ya tunayoyajua juu ya sehemu za ubongo zinazoendesha mwili yalianzia kwenye meza ile. Mwaka 1912, wakati Tanga ni mji wa Wajerumani na reli yake imefika Moshi mwaka uliotangulia, daktari Alfred Hauptmann wa Freiburg aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa mpya ya usingizi iitwayo Luminal, ili watulie. Akaona jambo ambalo hakulitafuta: hawaanguki tena kama zamani. Ndiyo fenobabitoni. Hauptmann alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 Wanazi walimfunga Dachau. Alipoachiwa alikimbia, akaishia Marekani. Serikali iliyomfukuza ilikuwa tayari, tangu sheria ya Julai 1933, inawafunga uzazi kwa lazima watu wenye kifafa waliohesabiwa kuwa ni cha kurithi.

Na Bethel. Karibu na Bielefeld, Ujerumani, mwaka 1867 Wakristo walianzisha makazi ya vijana wenye kifafa, yakakua yakawa mji. Wamisionari waliofungamana na Bethel ndio waliofanya kazi milima ya Usambara, mkoani kwetu. Juu ya Korogwe pana Lutindi, iliyoanzishwa mwaka 1896 kuwalea watoto waliokombolewa utumwani na mwaka 1905 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisemi kwamba kila kitu kilianzia Lutindi. Nasema tu kwamba katika nchi hii mpaka leo mwenye kifafa huelekezwa kwenye kliniki ya afya ya akili, na kwamba njia hiyo ilichorwa zamani, na watu wenye nia njema, kabla hatujazaliwa wala kuulizwa.

Aliyenifundisha uzito wake ni jirani yetu wa nyumba ya pili. Alikuja magharibi moja na bakuli la mihogo ya nazi, akamwamkia bibi, akakaa. Alinitazama nikifinyanga tonge la Bobi. Baada ya muda akasema, "Mdogo wangu, hiyo dawa ya mbwa, mtu akiila inamdhuru?"

Nikamwambia, "Dada, hii ni dawa ya watu."

Nilijibu haraka, kwa fahari ya mtu anayesahihisha, kisha nikauona uso wake. Alikuwa na binti wa miaka kama kumi na miwili. Nilimwona mara mbili tu, kwa sababu hakutolewa nje. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjamana kwa kovu kutoka kiwiko mpaka vidole, na shule aliacha darasa la pili, mwalimu alipoogopa. Miaka sita. Walikwenda kwa waganga watatu. Mara moja walikwenda hospitali, wakaelekezwa dirisha la wagonjwa wa akili, na mama akageuza njiani. "Mwanangu si mwehu," aliniambia. Na mimi, kwa wiki moja, nilikuwa nimempatia mbwa kile ambacho mtoto yule hakuwahi kukionja kwa miaka sita.

Aliniomba nimgawie. Nilikataa. Nilimweleza kwamba kipimo hutegemea uzito, kwamba daktari lazima amwone, kwamba ukianza huachi ghafla maana mwili ulioizoea dawa ukinyimwa huanguka vibaya zaidi. Yote kweli. Alichosikia ni kwamba nimemnyima mtu nimempa mbwa, na kesho yake kisimani ndiyo habari iliyokuwepo. Bibi aliisikia akaniambia tu, "Sasa utampeleka wewe."

Tulikwenda. Pikipiki watatu na dereva mpaka barabara kuu ya Horohoro, kisha basi mpaka Tanga. Mama alimfunika binti mtandio mpaka machoni. Njia nzima aliushika mdomo wa mwanawe kwa leso, kama anayezuia kitu kisimwagike. Nilikaa nao kwenye benchi ya kliniki ile ya afya ya akili, katikati ya watu waliokuwa wakisinzia na mmoja aliyekuwa akiimba, na nilipoitwa na muuguzi kujieleza mimi ni nani nilishindwa. Nikasema mimi ni jirani. Walimaliza kwa robo saa. Fenobabitoni, miligramu 30, vidonge viwili usiku, rudini baada ya mwezi. Vidonge vilevile, vyeupe, vidogo. Mama alivigeuzageuza kiganjani akaniuliza, mara mbili, kama kweli ni hivi.

Binti alianza kutoka nje mwezi wa tatu. Sitalikuza hilo. Aliendelea kuanguka mara mojamoja, usiku, na shule hakurudi. Lakini alikuwa akija kukaa barazani kwetu saa za jioni, na ndiye aliyekuwa akimpigia Bobi mluzi wa dawa kabla yangu.

Kisha masika ikaingia na dawa ikakosekana. Fenobabitoni ni rahisi mno kiasi kwamba hakuna anayepata faida ya maana kuiuza, na tena iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kwa hiyo kila boksi lina makaratasi yake. Kliniki waliambiwa warudi wiki ijayo. Maduka niliyozunguka mjini hayakuwa nayo. Barabara ya Moa ilikuwa tope. Binti alibakiwa na vidonge vinne. Mimi nilikuwa na ishirini na viwili vya Bobi.

Safari hii sikutoa hotuba ya kipimo. Cheti chake nilikijua, nguvu ya kidonge ni ileile, jina ni lilelile. Nilivihesabu mezani, nikabakiza vinane nikavikata nusu ili nimpunguzie Bobi taratibu badala ya kumkatia ghafla, nikampelekea mama kumi na vinne. Alivipokea kwa mikono miwili, hakusema kitu. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimeusoma upande wa pili wa hesabu hiyo kwenye kila makala.

Usiku wa tisa Bobi alianguka mara tano. Kati ya mara na mara hakurudi vizuri. Macho yalibaki wazi, mbavu zikienda kama mvuto wa pampu. Mvua ilikuwa inanyesha, na nilikuwa nimemburuta kwenye gunia mpaka ukingoni mwa baraza, mahali ambapo hakuwahi kufika. Mara ya nne nilianza kulia. Nilikuwa nimemshika kiuno asigonge nguzo, lakini kichwa kilikuwa kinapigapiga sakafu, na mikono miwili haikutosha.

Bibi alitoka na taa. Alikunja kanga mara nne, akaichuchumalia ile sakafu iliyoloa, akaipitisha chini ya kichwa cha Bobi, kisha akakizuia kwa viganja vyote viwili, vidole nyuma ya taya, mbali na meno. Povu lilimmwagikia mpaka vifundoni. Hakuuondoa mkono. Alikuwa akisema kitu kwa sauti ya chini, mwanzoni nikadhani dua, kisha nikasikia ni "basi, basi, basi," kama anavyowaambia watoto.

Ilipokwisha, na Bobi akawa anapumua kwa kina na kukoroma, bibi alisimama akishika nguzo. Alikwenda uani na kopo la maji. Kwa mwanga wa taa nilimwona akichota udongo chini ya mwembe, akausugua viganjani na mpaka kwenye viwiko, akaumwagia maji, kisha akaosha tena bila udongo, akihesabu. Mara saba. Akaloweka kanga kwenye beseni la peke yake.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia saa kumi na robo.

"Basi tusilale," alisema, "alfajiri i karibu." Akaenda kutia udhu.